Kwaya yetu ina wimbo mpya kila Jumapili, na waumini wamenyamaza

Katibu wa Kwaya, Tabora
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kwaya katika kigango kimoja nje kidogo ya mji wa Tabora. Tangu mwalimu wetu aanze kupokea nota kwa simu, karibu kila Jumapili tunaimba wimbo mpya wa mwanzo, wa matoleo na wa komunyo, na mwezi uliopita hata ule wa "Mtakatifu" ulibadilishwa, waumini wakabaki wamesimama kimya huku sisi tukiimba kwa niaba yao. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia kwamba alikuja kusali akajikuta yuko kwenye tamasha. Mwalimu hujibu kwamba Zaburi ya 96 na ya 98 zote zinaanza kwa kutuagiza tumwimbie Bwana wimbo mpya, nami hoja ya kumjibu sina. Wenzangu mnapimaje?

Mzee wa Besi, Kigoma
Milele na milele, amina. Ndugu katibu, tenganisha kwanza nyimbo za watu wote na zile ambazo kwaya yaweza kuimba peke yake. "Bwana utuhurumie", "Mtakatifu" na kiitikio cha zaburi ni mali ya waumini. Maagizo ya Vatikano kuhusu muziki wa ibada, Musicam Sacram, ya mwaka 1967, namba 16, yanaruhusu kwaya iachiwe baadhi ya nyimbo, hasa pale ambapo waumini hawajafundishwa vya kutosha, lakini hayaafiki kwaya ichukue kila kitu na kuwafungia watu nje.

Kwetu huku ziwa ndilo linalopanga ratiba. Vijana wangu wengi wa sauti ya tatu na ya nne ni wavuvi wa dagaa. Wakati wa giza wako majini na taa zao usiku kucha, kwa hiyo Jumapili hizo tunaimba tulizozizoea. Mbalamwezi ikifika na uvuvi ukapungua, tunajifunza wimbo mmoja mpya, mmoja tu, na kiitikio chake tunawafundisha waumini dakika kumi kabla ya Misa, kisha tunaurudia Jumapili nne mfululizo.

Mwalimu Kijana, Nzega
Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu mazoea nayo yana uvivu wake: nimewahi kusikia wimbo wa shangwe ukiimbwa katikati ya Kwaresima kwa kuwa tu ndio uliojulikana. Hizo tunazoziita za zamani nazo zilikuwa ngeni siku moja. Wazee wetu waliizoea Misa ya Kilatini, na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, yaani ibada ya Kanisa, ya tarehe 4 Desemba 1963 ndiyo iliyozifungulia lugha zetu mlango mpana. Mimi huanza na masomo ya siku, ndipo nikatafuta wimbo unaoyafuata, uwe mpya au wa zamani.

Mmoraviani, Urambo
Kwetu waumini huimba nyimbo za kitabuni, nazo kwaya zina nafasi yao, hivyo ugomvi huo hatuna. Wetu ni wa kwaya nne zinazotaka nyimbo mbili mbili kabla ya mahubiri.

Katibu wa Kwaya, Tabora
Asanteni sana. Jana nimewasomea wenzangu majibu haya baada ya mazoezi. "Mtakatifu" wa zamani unarudi Jumapili ijayo. Kuhusu wimbo mmoja kwa mwezi, mwalimu ameomba ziwe mbili, na hapo ndipo bado tunavutana.