Kocha wa tenisi lazima awe kacheza? Tusemezane

MZEE WA DARAJANI: Juzi barazani tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mie nashikilia: kocha awe kacheza. Ivan Lendl, bingwa wa zamani, ana mataji makubwa 8. Kamchukua Andy Murray 2012, mwaka ule ule Murray kabeba kombe la US Open, 2013 la Wimbledon. Waingereza wanaume walikuwa wakiililia tangu Fred Perry, 1936.

KIKWAJUNI BOY: Lendl huyo Wimbledon yenyewe hajaichukua! Fainali ya 86 kapigwa na Becker, ya 87 kapigwa na Cash. Kamfundisha nini Murray, kushindwa? Na bingwa Rafael Nadal kafundishwa na ami yake Toni, ambaye hakuwa na jina lolote uwanjani.

MZEE WA DARAJANI: Aliyeponyokwa na samaki ndiye ajuaye wavu umetoboka wapi, mwanangu.

BAHARIA WA WETE: Mzee yuko sawa. Ivanišević kaingia Wimbledon 2001 kwa kadi ya mwaliko, yuko wa 125 duniani, kabeba kombe. Kaja kumfundisha Čilić, naye kachukua US Open 2014. Becker naye kachukua Wimbledon na miaka 18, kisha bingwa Djokovic kamwita awe kocha wake.

KIKWAJUNI BOY: 17, yakhe. Na nyie Pemba tenisi mmeionea wapi? Mchezo wenu si ng'ombe, kuchezana na fahali uwanjani?

BAHARIA WA WETE: Ala! Mie nimeokota mipira ya wazungu hotelini miaka mitatu. Raketi waliyonitupia nyuzi zimekatika, nikaiunga kwa mshipi wa kuvulia. Nikipiga inalia kama zeze. We umeshika nini zaidi ya rimoti?

BINTI WA CHAKE: Na huo ng'ombe usiudharau. Simama mbele yake na shuka mkononi, kina mama wanaimba, kisha useme si mchezo.

KIKWAJUNI BOY: Ya Wareno hayo, tuliambiwa skuli.

BINTI WA CHAKE: Kwani tenisi ni ya Makunduchi?

MZEE WA DARAJANI: Nimeuliza kocha jamani.

BINTI WA CHAKE: Ami, anayecheza ng'ombe kafunzwa na aliyecheza. Hakuna anayefundishwa na mtazamaji. Nimejibu.

KIKWAJUNI BOY: Toni Nadal hamjamgusa bado, mnakimbilia ng'ombe. Ila Baharia, hebu niambie, mshipi namba ngapi? Raketi ya mdogo wangu imefumuka na fundi hapa mjini sijamwona.

BAHARIA WA WETE: Leo wanitaka? Chukua wa kuvulia nguru. Wa changu haumalizi hata seti.