Ulinganisho: Raila au Ruto, nani amewafikiria wazee?

Mwana_wa_Mwatate
Wakuu, uchaguzi wa urais wa Agosti 9, 2022 huo unabisha hodi. Manifesto zote mbili zishatoka: Azimio, muungano wa Raila, walizindua yao uwanja wa Nyayo Juni 6, Kenya Kwanza ya Ruto wakafuata Kasarani Juni 30. Mama yangu ana miaka 73 na swali lake ni moja: kati ya hawa wawili, nani ana habari naye?

Nilivyoona mimi: Raila anaahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili zisizojiweza. Ruto wimbo wake ni mikopo kwa mahasla, yaani watu wa kipato cha chini wanaojitafutia, ila kwa wazee anasema ataiboresha Inua Jamii, ile pesa ya kila mwezi ya serikali kwa wazee, na kuwaingiza wote NHIF, bima ya afya ya taifa, ndani ya miaka mitatu. Leteni hoja. Matusi pelekeni Facebook.

Hesabu_Tupu
6,000 mara milioni mbili ni bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Serikali hii hii hata ile 2,000 ya Inua Jamii inaichelewesha mpaka inalipwa kwa malimbikizo. Bilioni 144 zitatoka wapi?

Halafu soma vizuri. Hiyo 6,000 ni ya familia, tena maskini. Inua Jamii ni ya mzee mwenyewe: umefika 70 na huna pensheni ya serikali, unastahili. Sasa mzee anayekaa kwa mwanawe mwenye mshahara, hata kama mwana huyo hampi hela ya ugoro, si ataambiwa nyumba yao inajiweza?

Mwalimu_Mstaafu
Mimi naangalia bima. Mwaka huu wa 2022 asiyeajiriwa analipa NHIF 500 kwa mwezi. Itoe kwenye 2,000, mzee anabaki na 1,500 ya unga, mafuta taa na dawa za presha, zile ambazo ukienda hospitali ya serikali unaandikiwa karatasi ukanunue nje. Kwa hiyo ahadi ya Ruto ina maana ikiwa serikali ndiyo italipa. Kama ni kumsajili mzee kisha adaiwe kila mwezi, hapo hajasaidiwa.

Hesabu_Tupu
Sawa Mwalimu, lakini Azimio nao wana Baba Care, afya kwa wote. Kwenye matibabu sioni pengo kubwa kati yao. Pengo liko kwenye pesa ya mkononi.

Kijana_wa_Stage
Mnamsahau Wajackoyah, mgombea urais anayetaka bangi ihalalishwe. Bangi ni dawa ya magoti 😂

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, heshima kidogo.

Mjukuu_wa_Ganze
Nyinyi mnabishana juu ya shilingi. Kwetu Kilifi mzee akiota mvi anaanza kulala kwa wasiwasi. Wanasingiziwa uchawi na kuuawa, na ukifuatilia, mara nyingi nyuma yake kuna shamba linalotakiwa na watu wa nyumba hiyo hiyo. Walionusurika, baadhi wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee, wameacha mashamba na wajukuu. Katiba, Kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima, bila kudhulumiwa. Mimi mikutano ya huku nimehudhuria ya pande zote mbili. Bei ya unga, bandari, hatimiliki, yote nimeyasikia. Hili sijalisikia. Mzee akiuawa Novemba, hiyo 6,000 atapewa nani?

Shangazi_Kisauni
Pole mwanangu, hilo ni zito na umefanya vyema kulisema.

Langu mimi ni orodha. Usajili mkubwa wa Inua Jamii ulifanywa 2017. Mume wangu alitimiza 70 mwaka 2019. Kila akienda kwa chifu anaambiwa subiri usajili ufunguliwe. Jirani yetu aliyemzidi miaka miwili tu anapokea. Raila aseme 6,000, aseme hata 10,000. Ruto naye aiboreshe apendavyo. Asiye kwenye orodha anapata nini? Yupi kati yao ametaja tarehe ya kufungua usajili?

Mwana_wa_Mwatate
Shangazi, nimezipekua manifesto zote mbili upya kwa ajili ya swali lako. Tarehe sijaiona kokote. Mama anasema Raila, kwa kuwa ana 77, walau maumivu ya kiuno anayajua. Mimi bado. Jumamosi mgombea ubunge anakuja sokoni kwetu, nitamwuliza hilo la usajili mbele ya watu.

Hesabu_Tupu
Mwulize na bajeti. Hizo pesa hupitishwa na wabunge, na huyo wako akishinda atakuwa mmoja wao.

Mjukuu_wa_Ganze
Na sisi wa Kilifi utuulizie.