GUMBA! Yule muuza vitabu vya injini sasa ametuzidi

DizeliTupu
Yule jamaa wa "kitabu kamili cha 4HG1, bob 1,500, unatumiwa papo hapo", yaani kitabu cha kutengeneza injini ya lori la Isuzu. Simtaji, mnamjua. Yule wa kupiga picha kando ya injini ambayo hajawahi kufungua hata kifuniko chake cha oili.

Leo ametuma. Kurasa 212, zote picha za simu, kitabu kimelazwa kwenye paja. Paja tunavumilia. Twende ukurasa wa kukaza bolti za hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Jedwali lipo. Mchoro wa mpangilio upo. Pale penye namba: KIDOLE GUMBA.

Si ncha ya kidole. Gumba zima, kucha yake na grisi ya tangu enzi za Nyayo, limelala juu ya namba ambayo ndiyo inayomfanya mtu anunue kitabu. Kurasa 212, na kidole kikachagua hapo!

Akaulizwa kwa adabu: chini ya kidole kuna ngapi? Akajibu: "Kaza mpaka ikatae, bosi." Halafu akanibloku.

Mpaka ikatae! Bolti ya hedi haikatai. Inavutika kimya kimya, halafu inakatika shingo na kipande kinabaki ndani ya bloku ya injini. Hedi inakazwa kwa awamu, unaanza bolti za katikati ukitoka nje, na kwa injini nyingi awamu ya mwisho ni digrii: unatia alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti, unageuza hadi pembe iliyoandikwa. Sasa chini ya gumba kuna digrii au kuna nyutoni (nguvu ya kukaza)? Labda ndiko bob 1,500 zilikoenda kulala.

MzeeWaSpana
Gumba hilo liko pia kwenye kitabu chake cha 4D33, ile injini ya Mitsubishi. Kucha ni ileile. Huko limekalia nafasi ya vali. Ni 0.40 mm injini ikiwa baridi, za kuingiza na za kutoa, usimlipe mtu.

BolitiKumi
😂😂 Gumba linafanya kazi kuliko mwenyewe.

SomaKwanza
Lakini na wewe mwenye uzi, unalipa kabla ya kuona? Unaomba picha tatu: jalada lenye herufi za injini, ukurasa wa yaliyomo, na jedwali lenyewe la kukaza. Halafu unalinganisha na herufi zilizogongwa kwenye bloku, si maandishi ya mlango wa lori. Mlangoni ni NQR tu, lakini kuna ya 4HG1 yenye pampu ya kawaida na kuna ya 4HK1 ya komoni reli, ile ya dizeli kupulizwa kwa kompyuta. Kitabu cha moja kwa nyingine ni karatasi ya kufungia mandazi.

DizeliTupu
Asante kwa mahubiri. Herufi zilikuwa sawa, jalada lilikuwa sawa. KINACHOKOSEKANA KIKO CHINI YA KIDOLE.

FilaGeji
Hata kidole kikihama bado hujafika. Vitabu vya zamani vya Kijapani vinaandika nguvu ya kukaza kwa kgf·m, na moja ni kama 9.8 N·m (nyutoni). Mtu anaona 10, anaweka 10 kwenye toki renchi (spana ya kupima nguvu) ya nyutoni, hedi inapumua kama mgonjwa wa pumu. Angalia pia kama kitabu kinataka bolti ipakwe oili. Kwa namba ileile, yenye oili inavutika zaidi kuliko kavu.

MamaCanter
Afadhali wewe una gumba. Kuna yule wa spea pale Kirinyaga Road (mnamjua) anayeuza gasketi ya hedi ya 4HG1 (ile ya kuziba kati ya hedi na bloku) kama anauza sukuma wiki. Unene haulingani jamani, ndiyo sababu zina vikato vya kuonyesha unene pembeni! Unapima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku, kwa geji ya mshale, zote nne, ndipo unachagua. Nyembamba mno, pistoni inabusu vali. Nene mno, kompresheni inashuka, asubuhi ni moshi mweupe na betri kuisha. Yeye anakwambia, "Madam, ni saizi moja." Saizi moja ni ya leso.

TanboiWaFuso
Gasketi ni maneno ya wenye pesa. Nani amemwona yule wa video za tairi? Ati nati zote zinafunguka kushoto. Lori la rimu za Kijapani, upande wa kushoto, stadi (bolti ya tairi) imeandikwa L wazi kabisa kwenye ncha. Hiyo inafunguka kwa kwenda na mshale wa saa! Amesimama juu ya paipu ya futi sita anarukaruka, anaikaza, anasema ina kutu. Tak. Stadi imeenda na watazamaji wakamwekea moyo.

SomaKwanza
Na zile tairi pacha za nyuma hakusema lolote. Nati ya ndani, ile ya mraba, inakazwa kwanza, halafu ya nje. Baada ya kilomita 50 hadi 100 unarudia, na ya ndani huwezi kuikaza bila kulegeza ya nje. Legeza moja ruka moja, usilegeze zote.

BolitiKumi
Rimu mpya za ISO (kiwango cha kimataifa) nati zote zinafunguka kushoto lakini, pande zote mbili. Msidanganye watu.

TanboiWaFuso
Ndiyo maana nimesema Kijapani. Soma.

UpepoMtupu
Tukiwa kwa tairi: yule wa kompresa hapo steji, geji yake inasoma 100 kabla hajagusa tairi.

MamaCanter
Geji ya rangi ya manjano? 😂 Hiyo hata ukiipima ukuta inasoma 90.

DizeliTupu
Jamani. Kidole.

UpepoMtupu
Kidole gani? Tunaongea geji. Ina kioo kimepasuka, sindio?