Belafonte: sinema zilimshinda, au alizikataa?

Kijana wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum wakubwa. Tuna kikundi cha maigizo hapa mjini, na mimi hupiga gitaa na kutunga. Mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba Harry Belafonte alikuwa mwimbaji tu aliyejaribu kuigiza akashindwa, ndiyo maana miaka ya 60 haonekani kwenye filamu. Mimi namjua kwa ule wimbo wa ndizi, "Day-O", na kwa "Malaika" aliyoimba na Miriam Makeba. Ilikuwaje hasa?

Mwana wa Karani

Waalaykum salaam mwanangu. Hazikumshinda hata kidogo. Huyu alianzia kwenye maigizo, uimbaji ukafuata. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1927, mama yake Mjamaika, na sehemu ya utoto wake akalelewa Jamaica kwa bibi yake. Baada ya kutoka jeshi la majini akawa msaidizi wa mtunza jengo. Mpangaji mmoja akampa tiketi ya tamthilia kama bakshishi, na alipoketi mle ukumbini hakutaka kazi nyingine tena. Akasoma uigizaji darasa moja na akina Marlon Brando. Kuimba kwenye vilabu alianza ili apate karo ya hayo masomo.

Mwaka 1954 akachukua tuzo ya Tony kwa kazi ya jukwaani, na mwaka uo huo akaigiza kwenye filamu ya Carmen Jones. Humo nyimbo si sauti yake, kwa sababu muziki wenyewe ni wa opera, basi akaimbiwa na mtu mwingine. Huenda hapo ndipo mwenzenu alipopata neno la kusema.

Miaka ya 60 alikataa. Majukumu waliyokuwa wakimletea yalimtaka mtu mweusi mpole, asiye na mke wala hasira. Hata kabla ya hapo alikwisha kuikataa Porgy and Bess, kisha akaikataa na Lilies of the Field, ambayo mwigizaji mwenzake Sidney Poitier aliichukua ikampa tuzo ya Oscar. Fikiria kuwa na moyo wa kuiacha kazi kama hiyo ipite! Alikwishaunda kampuni yake akatoa Odds Against Tomorrow mwaka 1959, kisha hakurudi kwenye filamu za Hollywood mpaka 1970. Katikati hapo alikuwa na Martin Luther King kudai haki za watu weusi. Mwaka 1964 yeye na Poitier walibeba dola 70,000 taslimu mpaka Greenwood, Mississippi, kuwapelekea vijana waliokuwa wakiandikisha wapiga kura, na Ku Klux Klan, lile genge la weupe wabaguzi, wakawafukuza kwa magari usiku.

Na sisi Wakenya tuna deni kwake. Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli ya wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani mwaka 1959, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Belafonte, Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81.

Ule wimbo wa ndizi nausikia kwa namna yangu. Baba yangu alikuwa karani wa boriti. Jahazi likipakia, wapakizi wanapokezana magogo kwa kuitikiana, mmoja anatoa wengine wanapokea, naye amekaa pembeni na daftari. Boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Kila korija ikitimia alichomeka kijiti mchangani, na mpakizi mmoja hakosi kupaza sauti: "Karani, hesabu vizuri, tumechoka!" Na kwenye wimbo, wale wa Jamaica wamepakia usiku kucha, kumepambazuka, wanamwomba karani awahesabie ndizi waende zao. Baba aliusikia redioni, akaelezwa maneno, akasema: "Huyu amewahi kusimama gatini." Belafonte hakuupamba wimbo ule. Aliuingia kama mwigizaji anavyoingia kwa mtu mwenye mgongo unaouma.

Bi Shella, Malindi

Ami, umesema kweli, ila tusimpe yote peke yake. Nyimbo nyingi za ile albamu ya Calypso ya mwaka 1956, iliyouza zaidi ya nakala milioni, ziliandikwa na Irving Burgie. Na "Malaika" Fadhili William alikwisha kuirekodi hapa Kenya kabla yao. Mtoto huyu anatunga. Ajue kwamba anayetunga husahaulika upesi.

Mwana wa Karani

Naam, dada yangu, Burgie atajwe. Belafonte kipaji chake kikubwa kilikuwa kuuchukua wimbo wa watu na kuufikisha. Makeba mwenyewe alipofika Marekani, Belafonte ndiye aliyemshika mkono, na albamu yao ya mwaka 1965 ikapata tuzo ya muziki ya Grammy. Belafonte alifariki Aprili 2023, ana miaka 96.

Kijana wa Langoni, Lamu

Shukran sana ami, shukran bibi. Tuanze kusikiliza ipi?

Mwana wa Karani

Ile albamu iliyorekodiwa mbele ya watu kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, 1959. Nendeni kwenye "Matilda". Wimbo mmoja anaukokota zaidi ya dakika kumi, akiugawa ukumbi mafungu mafungu, hawa waitikie, sasa wale, na hakuna anayechoka. Sikilizeni anapunguza sauti wapi na anawangoja watu wapi, kisha mjaribu hivyo hivyo na wimbo wako mmoja mbele ya watu.