Bwawa la mita 8 kwa 4 Jambiani: zege, matofali au faibagilasi?

PlotiYaUwanda: Assalaam alaykum wajumbe. Kiwanja kipo Jambiani, Unguja, ardhi ni uwanda mtupu (mawe ya matumbawe, udongo haba), mita kama 120 kutoka pwani. Nataka bwawa la kuogelea lenye ukubwa wa ndani mita 8 kwa 4, kina 1.2 upande wa watoto mpaka 1.8. Nimepewa njia tatu: zege lenye nondo, matofali na turubai la PVC ndani, au bwawa zima la faibagilasi la kuagiza nje. Ipi inafaa, na hesabu zake zikoje?

Mkadiriaji_Mwera: Waalaykum salaam. Anza na maji, maana pampu, chujio na dawa vyote vinafuata humo. Sakafu ikiteremka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho: 8 × 4 × 1.5 (wastani wa kina) = mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Lakini mafundi wengi huacha mita 4 bapa za kina kifupi, mita 2 za mteremko, kisha mita 2 bapa za kina kirefu. Hapo kata vipande: (4 × 1.2) + (2 × 1.5) + (2 × 1.8) = 11.4, zidisha kwa 4 unapata 45.6. Tofauti ni lita 2,400, na bado hujatoa ngazi.

Shimo ni hesabu nyengine. Ongeza ukuta wa sentimita 20 na nafasi ya fundi ya sentimita 50 kila upande: 9.4 × 5.4. Kina cha wastani 1.9, kwa sababu kuna sentimita 15 za ukuta juu ya maji, 20 za sakafu na 5 za zege jepesi la chini. Jumla kama mita za ujazo 96. Mawe yakishavunjwa huvimba, kwa hiyo utakachokibeba ni kama 135, yaani safari 27 za lori la mita 5. Usiyatupe yote, mazuri yatajenga ukuta wa uzio.

Zege: sakafu mita za ujazo 7.4, kuta 8.2. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 8 ya saruji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo nunua kama 130 na upotevu ndani yake. Nondo za milimita 12, safu mbili, nafasi sentimita 20: kama 160 za mita 12. Kwa mfano mfuko ukiwa shilingi 17,000 na nondo 24,000, ni 2,210,000 na 3,840,000. Tia bei za duka lako, kisha ongeza kokoto, mchanga, mbao za fomu, ufundi na vigae (mita za mraba 72, nunua 79).

Mwashi_ChakeChake: Msiyadharau matofali. Kwenye udongo wa kinongo (wenye kina), sehemu za juu, maji ya chini yakiwa mbali, tofali lililojazwa zege na nondo kila sentimita 40 linakuokolea mbao zote za fomu. Panapovuja zaidi ni mahali pamoja: ukuta unapokutana na sakafu.

Bamvua_Paje: Kinongo sawa, sheikh wangu, lakini huyu yupo uwandani karibu na pwani. Maji ya chini hapo hupanda na kushuka na bahari, na bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) inapanda kama mita 4. Mimi nisingeangalia bei kabla ya kuchimba shimo dogo la majaribio la mita 2.5 na kupima maji siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Subiri saa moja au mbili baada ya maji kujaa, kwani ndani ya mawe huchelewa.

Kitako cha bwawa hili ni 8.4 × 4.4, mita za mraba 37. Kila mita moja ya maji juu ya kitako inasukuma juu kwa tani 37. Zege lote hapo juu, mita za ujazo 15.6 × tani 2.4, lina uzito wa tani 37. Yaani likiwa tupu, kwa mita hiyo moja limesimama ukingoni, bado kidogo linyanyuke. Faibagilasi ya ukubwa huo haizidi sana tani moja, na kwa kitako chake cha 8 × 4, sentimita 20 tu za maji zinaisukuma kwa tani 6. Turubai la PVC nalo hufura kutoka nyuma, na halirudi sawa.

Mkadiriaji_Mwera: Na faibagilasi ya mita 4 haiingii kwenye kontena, upana wa ndani ni mita 2.35. Nauli yake peke yake inakula nafuu yote. Mimi naifuta.

Bomba_Bububu: Kwa zege, mambo mawili. Miminia sentimita 15 za mwanzo za ukuta pamoja na sakafu, mkanda wa kuzuia maji ukae hapo. Weka valvu ya kupunguza shindikizo la maji ya ardhini kwenye shimo la chini la bwawa, lizungushiwe kokoto. Msitumie mchanga wa pwani: chumvi inakula nondo, na kuuchimba bila kibali ni kosa.

Pampu: lita 48,000 zizunguke ndani ya saa 6 ni mita za ujazo 8 kwa saa. Hapo inatosha ya 0.75 kW na chujio la mchanga la kipenyo cha sentimita 60. Ikiwaka saa 8 kwa siku ni yuniti 180 kwa mwezi, zitie kwenye bajeti ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla) kabla ya vigae.

PlotiYaUwanda: Ahsanteni. Kujaza je, kisima kinafaa?

Bomba_Bububu: Onja kwanza. Kisima cha pwani kina chumvi na chokaa nyingi, vigae vitaota ukoko na chuma kitaliwa. Maboza matano (malori ya maji) ya lita 10,000 yanamaliza kazi. Mpira wa bustani wa lita 20 kwa dakika utakuchukua saa 40. Na wakati wa kaskazi milimita 6 zikipanda hewani kwa siku ni lita 190, hiyo si kuvuja.

PlotiYaUwanda: Na shimo la majaribio likionesha maji mita 1.2 kutoka juu?

Bamvua_Paje: Linyanyue bwawa sentimita 60 juu ya ardhi. Maji juu ya kitako yanashuka kutoka wastani wa sentimita 65 mpaka 5, na unaokoa mita 30 za ujazo za kuvunja mawe. Ukitaka kulimwaga, subiri maji mafu (siku bahari inapopanda kidogo), nje ya masika.