Bukavu: wahitimu wa programu za uongozi tumegeuzwa namba za ripoti, nimechoka

Jambo wandugu. Leo salamu ni fupi, nina hasira.

Formilere nyingine (fomu ya maswali) imeingia kwenye simu wiki hii. Inatoka kwa ile programu ya uongozi wa vijana niliyopitia 2021. Jina la shirika naliacha, sitafuti kesi na mtu. Kichwa chake: tathmini ya mtandao wa wahitimu. Tangu mji wetu, hapa mashariki ya Kongo, uingie mikononi mwa kundi la M23 Februari 2025 hakuna hata mmoja wao aliyepiga simu kuuliza kama tuko wazima, nani amekimbilia Bujumbura, nani amebaki Kadutu na watoto. Kimya kabisa. Leo ndio wanakumbuka namba zetu, na swali la kwanza, kwa Kifaransa cha ofisini, linauliza kama ninajisikia sehemu ya "familia" ya wahitimu. Niweke alama, 1 hadi 5.

Familia gani hiyo inayokutafuta ikiwa na formilere tu?

Najua watakuja wa kuniambia ninaogopa tathmini. Siogopi. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya ankete, yaani kuhoji watu, vijijini Kabare na Walungu, nimebeba makaratasi mvuani, ninajua swali zuri na swali la kujazia ukurasa. Hizi wanazotutumia ni za kujazia ukurasa. Isipokuwa moja, na hiyo moja ni mbaya zaidi, nitaifikia.

Kwanza, mtandao wenyewe ni nini? Ni grupu ya WhatsApp. Ukipandisha juu unakuta matangazo ya misiba, mikono ya sala, heri za siku ya kuzaliwa, na nafasi ya masomo ya nje ambayo muda wake umeisha jana. Dada mmoja wa kisiwa cha Idjwi, wa promosio yetu (tuliosoma mwaka mmoja), aliwahi kuandika pale kwamba akina mama wa kikundi chao wana kahawa iliyokauka vizuri, wanatafuta mnunuzi wa Bukavu asiyewapunja kwenye mizani, wasilazimike kuivusha kwa mtumbwi usiku kwenda Rwanda kwa bei ya kutupa. Chini yake, kimya. Baadaye vidole gumba vitatu. Halafu kordo, mratibu wa programu, akabandika bango la siku ya vijana, ujumbe wa dada ukazama.

Mnunuzi alimpata, lakini alimpatia bandarini. Akisubiri boti, alimwona kaka mmoja wa promosio iliyotutangulia. Walikuwa wameonana mara moja tu, kwenye chakula cha siku ya vyeti. Wakasalimiana, wakaulizana habari, na kaka akampa namba ya mjomba wake anayenunua kahawa. Sasa sikieni: kaka huyo alishajitoa kwenye grupu kwa sababu ya kelele. Kwa hesabu ya tathmini yao, dada ni "mwanachama hai" kwa kuwa aliandika ujumbe ambao hakuna aliyeujibu, na kaka aliyemsaidia anahesabiwa amepotea.

Wala jambo hili si geni kwa wanaosoma mambo haya. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha tangu 1973 kwamba katika watu aliowauliza, wale waliopata kazi kupitia mtu, wengi walipitia mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra, si rafiki wa kila siku. Ina maana thamani ya mtandao mara nyingi iko kwa yule unayemfahamu kwa mbali, asiyeandika kitu kwenye grupu. Formilere yetu inauliza umefungua grupu mara ngapi kwa wiki.

Nije kwenye linalonichoma zaidi. Programu hizi hazituokoti njiani. Ili uchukuliwe unaleta barua za mapendekezo, unaonyesha kwamba tayari unaongoza kitu: chama cha wanafunzi, kwaya, redio ya kijamii, kikundi cha akina mama. Wanachuja mamia ya maombi, wanabaki na waliokwisha kuwa viongozi. Miaka mitatu baadaye wanaandika kwa herufi nzito kwamba wengi wa wahitimu wao "wanashika nafasi za uongozi". Ehh! Mlitukuta tukizishika! Kama kweli mnataka kujua mlichoongeza, watafuteni wale mliowaacha kwenye mchujo wa mwisho, waliokuwa sawa na sisi, muone leo wako wapi. Hakuna anayewatafuta, kwa sababu wakikutwa wako sawa na sisi ripoti haitauzika.

Na kufahamiana ni vilevile. Nusu ya promosio yetu tulikuwa tunajuana kabla: tumesoma pamoja, tunasali parokia moja, wengine ni mashemeji. Siku ya kwanza ya mafunzo hakuna aliyetuuliza nani anamjua nani. Leo kila uhusiano kati yetu unaandikwa kuwa ni matunda ya programu, hata ule wa ndugu wa tumbo moja waliochukuliwa pamoja. Bila picha ya mwanzo utajuaje kilichoongezeka?

Kuichora picha hiyo si kazi ngumu, wala si jambo la jana. Jacob Moreno, daktari wa akili, aliifanya miaka ya 1930 katika shule moja ya wasichana huko Hudson, New York, baada ya wasichana kuanza kutoroka. Aliwauliza kila mmoja angependa kukaa na nani, akachora mistari kati yao, na ile ramani ikaonyesha makundi na wapweke ambao uongozi wa shule haukuwaona. Kwetu ingekuwa rahisi: siku ya kwanza uliza ukikwama kikazi unamwendea nani, ukihitaji mkopo unamwendea nani, ukitishwa unamwendea nani. Rudia baada ya mwaka, rudia baada ya miaka mitatu. Mistari mipya ni ya programu, angalau kwa sehemu. Iliyokatika, uliza kwa nini.

Wao wameishia kwenye ngazi ya chini kabisa. Donald Kirkpatrick alipanga ngazi nne za kupima mafunzo mwaka 1959: washiriki wamepokeaje, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Yetu huwa ni kuuliza kama ukumbi ulikuwa mzuri na kama wali wa mchana ulitosha. (Wali ulitosha. Pesa ya transporti ndiyo haikutosha, kwa wanaotoka Bagira wanaelewa.)

Sasa lile swali moja nililosema. Kwenye formilere ya safari hii wameandika: taja watu watano wa mtandao unaoshirikiana nao zaidi, kazi zao, na namba zao za simu. Bukavu. Mwaka huu. Watu wa sosyete sivili (asasi za kiraia) wamehama nyumba, wengine wamebadilisha namba, wengine wanafuta ujumbe kila jioni kabla ya kulala, na mtu aliyekaa ofisini nje ya nchi anataka nimwandikie nani anashirikiana na nani, kwenye fomu ya intaneti ambayo sijui inahifadhiwa wapi wala nani ana ufunguo. Anayesema "lakini ndiyo ramani uliyokuwa unaiomba" asome vizuri. Ramani inachorwa wakati wa amani, ana kwa ana, kwa alama na si majina, na karatasi inabaki mikononi mwa wahitimu wenyewe. Orodha ya majina na namba kwa wakati huu ni hatari kwa mtu mzima mwenye familia. Nilimwandikia kordo. Jibu lake: "Usijali, ni kwa matumizi ya ndani." Ndani ya wapi, kaka?

Haraka yote hii inatoka wapi? Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, na shirika lake la misaada, USAID, kufungwa Julai, mashirika yanatafuta wafadhili wapya kwa udi na uvumba. Wahitimu tumekuwa bidhaa ya kuonyesha: "tuna mtandao wa viongozi vijana mkoa mzima". Hilo ninalielewa, watu wana mishahara ya kulinda. Ila msituite familia.

Mnajua kinachonisikitisha? Mtandao wa kweli upo, na wala hawauoni. Dada zetu kadhaa wa Kadutu na Bagira, waliokaa benchi moja kwenye mafunzo, walianzisha aveki yao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, kikao kila Jumamosi. Benki zilipofungwa, watu wenye mishahara walizunguka na pesa kwenye simu bila faranga mkononi, na aliyekubali kukutolea alikata anavyotaka. Sanduku la akina dada lilikuwa karibu tupu, na hivyo ndivyo linavyotakiwa, maana pesa ya aveki hukaa kwa wanachama kama mikopo. Waliokopa walikuwa na unga, mafuta na sabuni vya kuuza, wakarudisha kidogo kidogo, wenzao wakapata chakula. Mmoja alilipia dawa za mama yake hospitali ya Panzi kwa zamu ya mkopo iliyokuwa ya mwenzake, mwenzake akakubali kusubiri. Nilimweleza konsultanti wa tathmini haya yote kwenye simu. Akaniuliza kama aveki hiyo ilitumia nembo ya programu. Haikutumia. Akasema basi haiingii kwenye viashiria.

Nikakata simu.

NYONGEZA: Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba mfadhili ndiye analipa, kwa hiyo maswali ni yake. Sawa, aulize. Lakini majibu ni yetu, na tangu 2021 hatujawahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja wa ripoti za formilere tulizojaza. Wengine mnasema jaza tu, wanatuma mega (za intaneti) za dola mbili. Mimi sijazi, na wa promosio yetu niliozungumza nao hawajazi mpaka swali la majina liondolewe.

Mliopokea formilere hii Goma au Uvira, semeni hapa kama swali hilo kwenu limo. Msitaje shirika, na msiweke picha ya skrini yenye namba ya mtu.