Kupima akiba ya themostati janja kabla ya kutoa ruzuku: majaribio yapangwe vipi?

Mita_Kentucky

Habari wakuu. Ushirika wa umeme wa vijijini hapa Kentucky, Marekani, unafikiria kuwarudishia wateja sehemu ya bei ya themostati janja (kidhibiti cha joto la nyumba kinachounganishwa na intaneti). Nyumba nyingi zinatumia pampu ya joto (mtambo wa kupasha na kupoza) yenye koili za umeme za kusaidia baridi ikizidi, za gesi ni chache. Muuzaji ametuletea asilimia ya akiba na anataka tuichukue kama ilivyo, tuzidishe kwa idadi ya wateja. Tuna bajeti ya themostati 600 za majaribio, na mita zetu zinarekodi kila dakika 15. Naomba msaada kwa mambo matatu: asilimia ile ichukuliwe kwa uzito gani, majaribio yapangwe vipi ili wakaguzi wasiyakatae, na mafundi wakague nini wakati wa kufunga.

DigriiSiku

Mkuu, muulize muuzaji kwanza: akiba hiyo ni ukilinganisha na nini? Hapo ndipo namba nyingi zinapoanguka.

Nembo ya ENERGY STAR (ya serikali ya Marekani kwa vifaa vinavyookoa nishati) kwa themostati janja, toleo la 1.0 la mwisho wa 2016, inataka wastani wa kitaifa wa punguzo la muda wa mtambo kuwaka, kwa kikomo cha chini cha uhakika wa 95%, usipungue 8% kwenye kupasha joto na 10% kwenye kupoza. Ni kipimo kizuri, ila data yote inatoka kwenye themostati yenyewe: mtambo umewaka muda gani, ndani kuna joto kiasi gani, nje je. Mita ya umeme haimo, wala nyumba za kulinganisha hazimo. Msingi wake ni joto analoonekana kulipenda mwenye nyumba (msimu wa baridi, joto ambalo 90% ya rekodi zake ziko chini yake; msimu wa joto, 10%), kana kwamba angeliacha palepale usiku na mchana. Mama aliyezoea kushusha joto kwa mkono kila akienda kulala atahesabiwa akiba ambayo alikuwa nayo tangu zamani. Tumia nembo kuchuja bidhaa. Usiitumie kuhesabu kilowati-saa za mpango.

Kumbuka pia kwamba themostati za ratiba, zile za kizazi kilichotangulia, zilivuliwa nembo hiyohiyo mwisho wa 2009 kwa sababu akiba yake haikuonekana majumbani. Na mwaka 2022 wachumi walitoa matokeo ya majaribio ya nyumba za California zilizogawanywa kwa nasibu: kwa miezi 18 hawakuona punguzo la maana la matumizi. Watu walikuwa wakiibatilisha ratiba kwa vidole vyao. Haina maana kwenu itakuwa hivyo, ila ndiyo sababu lazima mpime kwa mita.

Sasa idadi. Chukua mfano wa nyumba ya kWh 14,000 kwa mwaka, ambapo 45% ni kupasha na kupoza, yaani kWh 6,300. Akiba ya 8% ya hizo ni kWh 504, sawa na 3.6% ya bili nzima. Tuseme mabadiliko ya matumizi kati ya mwaka na mwaka, baada ya kusahihisha hali ya hewa, yana mchepuko wastani (kiasi nyumba zinavyotofautiana) wa 20%. Kwa uhakika wa 95% na nguvu ya 80% (uwezekano wa kuiona akiba iliyopo), ambazo ndizo zinazoleta 15.68:

15.68 × (0.20 ÷ 0.036)² ≈ nyumba 484 kwa kila kundi.

Ongeza wanaohama na wanaokata intaneti, unafika 600. Bajeti yenu inatosha, lakini kwa shida. Akiba halisi ikiwa nusu ya hiyo, mtahitaji mara nne, karibu nyumba 1,940 kila upande. Kokotoeni mchepuko wenu kutoka kwenye mita kabla ya kununua chochote, msikubali huo 20% wangu.

Pateni waombaji 1,200 au zaidi, wagawanywe kwa nasibu: nusu wafungiwe sasa, nusu wasubiri mwaka mmoja. Miezi 12 ya mita kabla, 12 baada, na digrii-siku (kipimo cha baridi au joto la kila siku) za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Msilinganishe walionunua wenyewe na wasionunua, kwa sababu anayenunua mara nyingi ana nyumba kubwa au amebadilisha na mtambo mwaka huohuo. Na msigawanye kwa nasibu matangazo ya ruzuku badala ya themostati zenyewe. Tangazo likiongeza wanunuzi kwa pointi 20 za asilimia tu, athari inagawanywa kwa 5 na sampuli inazidishwa kwa 25: nyumba 12,100 kila upande.

Fundi24V

Upande wa waya, nusu ya malalamiko huanzia kwenye waya wa C (wa kurudishia umeme kwenye mtambo). Themostati janja inahitaji volti 24 za AC muda wote. Pasipo C huiba umeme kupitia Y (waya wa kupoza) au W (waya wa kupasha): rilei (swichi ya umeme) inagongagonga, kompresa inawaka na kuzima, Wi-Fi inakatika, na data yenu inakuwa na mashimo. Fundi atafute kwanza waya uliolala ndani ya ukuta bila kazi. Usipokuwepo, afunge adapta kwenye bodi ya mtambo au avute kebo mpya ya nyaya 8. Rangi asiziamini, afungue bodi asome herufi. Umeme uzimwe kwanza, maana R (waya unaoleta umeme) ikigusa C fyuzi ya bodi inaungua.

Kwa pampu ya joto, hili la waya wa O/B ni lazima. Chapa nyingi huwasha valvu (inayogeuza pampu kati ya kupasha na kupoza) wakati wa kupoza (O). Rheem na Ruud huiwasha wakati wa kupasha (B). Ukikosea, nyumba inapashwa joto mwezi wa saba. Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana: themostati ikidhani ni hita ya kawaida, koili zinawaka kila mara, chumba kina joto, mteja ameridhika, na bili inapanda.

Kwa hiyo kila nyumba ipimwe kwa mita ya klampu (hubana waya na kusoma ampea). Washa joto, nje ikiwa juu ya nyuzi 5 za Selsiasi, subiri dakika 10. Koili za kW 10 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 42, kwa hiyo hazijifichi. Zikiwaka hapo, mipangilio ina kosa. Weka pia kizuizi: koili zisiwake nje ikiwa juu ya nyuzi 2 hivi, isipokuwa wakati wa dharura. Nyumba zenye hita za ukutani za volti 240 ziondolewe kwenye orodha kabisa, themostati ya volti 24 haiingii pale.

Mita_Kentucky

Asanteni sana. Swali la mwisho: kilele chetu cha mzigo (saa za matumizi makubwa kuliko zote) ni asubuhi za baridi kali. Wakubwa wanataka themostati zitumike pia kupunguza mzigo saa hizo.

DigriiSiku

Hapo pana hatari. Ratiba ya kiwandani ikishusha joto usiku na kulipandisha saa 12 asubuhi, nyumba zote zinaamka pamoja na koili zinawaka pamoja. Nyumba 600 kwa kW 10 ni MW 6 kwenye saa yenu mbaya kuliko zote. Mnaweza kuokoa kilowati-saa za mwaka na bado mkaongeza kilele. Tawanyeni saa za kupandisha, mfano kati ya saa 9 usiku na saa 12, na usiku wa baridi kali joto lishushwe kwa nyuzi 1 au 2 tu.

Siku ya kupunguza mzigo, waacheni 20% ya nyumba bila kuguswa, wachaguliwe upya kwa nasibu kila mara. Hao ndio msingi wenu, kwa sababu wastani wa siku zilizopita hautafanana na siku ya baridi kupita kiasi. Akiba igawanywe kwa themostati zote zilizoandikishwa, pamoja na zilizokuwa nje ya mtandao na za waliojitoa. Msiishie mwisho wa tukio (saa za kupunguza mzigo): pimeni na saa mbili zinazofuata, maana sehemu ya mzigo hurudi hapo.

Fundi24V

Naongeza moja: kabla ya tukio, pasheni nyumba kwa pampu peke yake, koili zikiwa zimefungwa. Mkipandisha nyuzi 2 kwa mkupuo, themostati nyingi zitaziita koili zenyewe.